Mseto au chotara? Dawa za mimea zikipimwa bega kwa bega

Wiki moja tu, watu wawili wasiojuana waliniuliza swali linalofanana. Wa kwanza alikuwa mzee kutoka Bahi, aliyeingia kwenye duka langu la dawa hapa Majengo, Dodoma, akiwa na homa ya siku tatu. Nilimwamkia, akaitikia, akaegemeza fimbo yake ukutani na kunionyesha simu ya kijana wake. Kulikuwa na ujumbe unaozunguka kwenye makundi: imepatikana dawa mpya, mimea miwili iliyounganishwa ikawa kitu kimoja, inatibu malaria na saratani kwa pamoja. "Dokta, hii unayo?"

Wa pili ni mpwa wangu anayesoma kemia Chuo Kikuu cha Dodoma. Alikuwa anatafuta mada ya utafiti wake, na msimamizi amemwambia aje na jambo linalohusu dawa zitokanazo na mimea. "Mjomba, nishike mseto au nishike chotara?"

Mzee nilimjibu kwa dakika tano. Kwa mpwa wangu ilichukua jioni nzima. Ila majibu yote mawili yanatoka shina moja, na kwa kuwa ujumbe ule bado unazunguka, nayaweka hapa kwa yeyote anayetaka kuchagua: mgonjwa, ndugu wa mgonjwa, au mwanafunzi.

Makande na mche wa kubebesha

Mseto ni kama makande. Mahindi na maharage vinakaa sufuria moja, vinaliwa kijiko kimoja, lakini hindi limebaki hindi na haragwe limebaki haragwe. Ukitaka unaweza kuvichambua kimoja kimoja. Vidonge vya malaria tunavyoviita dawa mseto, yaani ALu, viko hivyo. Kila kidonge kina miligramu 20 za artemeta na miligramu 120 za lumefantrini. Vikifika tumboni, kila dawa inashika njia yake.

Chotara ni kama mche wa mwembe wa kubebesha. Shina la chini limetoka mti mmoja, kikonyo cha juu kimetoka mti mwingine, vimefungwa vikaungana, na sasa ni mti mmoja. Mkemia hufanya hivyo kwa molekuli. Anachukua dawa mbili, anazifunga kwa kiungo cha kikemia, na kinachopatikana ni molekuli moja mpya yenye uzito wake, tabia yake na sumu yake. Mche wa kubebesha ukikatika pale ulipofungwa, umepoteza mti. Kwa dawa mambo ni magumu zaidi, maana kuna viungo vinavyotengenezwa makusudi vikatike ndani ya mwili na vingine makusudi visikatike. Hapo ndipo penye kazi yote, na nitaparudia.

Ujumbe wa simu ya mzee ulikuwa umechanganya haya mawili, kisha ukaongeza la tatu: mizizi na majani yaliyochemshwa. Kila kimoja kina mahali pake, na kuvichanganya kunaweza kumgharimu mtu uhai.

Kwenye malaria

Nianze na jani lenyewe. Artemisia annua ni mmea wa China ambao sasa hulimwa hata Afrika Mashariki. Mwaka 1972 Tu Youyou na wenzake huko Beijing walifanikiwa kutoa kiini chake, artemisinini, baada ya kugundua kwamba kuchemsha kunakiharibu. Walitumia etha, inayochemka kwa joto dogo. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Nobel mwaka 2015. Nguvu ya artemisinini iko kwenye daraja la atomu mbili za oksijeni. Kimelea cha malaria hula himoglobini ya damu yetu, na katika kula huko hufungua madini ya chuma. Chuma hicho kinapogusa daraja lile, daraja linavunjika kwa kishindo na vipande vyake vinaunguza kimelea kutoka ndani. Hakuna dawa nyingine ya malaria niliyoiona ikishusha vimelea kwa kasi hiyo.

Kasoro yake ni kwamba haikai. Artemeta, ambayo hutengenezwa kutokana na artemisinini, hupungua nusu damuni kwa saa chache tu. Lumefantrini ndiyo mlinzi anayebaki: nusu yake hukaa siku 3 hadi 6, ikimalizia vimelea vilivyojificha. Kwa hiyo mmoja ni mpiga mbio, mwingine ni mlinzi wa usiku, na mafanikio ya ALu yanatokana na tofauti yao hiyo. Tanzania iliichagua kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2006, baada ya SP (sulfadoksini na pirimethamini), ambayo nayo ilikuwa imechukua nafasi ya klorokwini mwaka 2001.

Sasa iweke chotara pembeni yake. Mwaka 2007 watafiti wa Dublin, Ireland, walichapisha kazi ya kuunganisha artemisinini na kwinini, dawa ya magome ya mti wa sinkona. (Wajerumani waliwahi kuipanda sinkona kwetu, kule Amani, milima ya Usambara, kwa sababu hiyo hiyo ya malaria.) Chotara yao ilijaribiwa kwenye vimelea vilivyooteshwa maabara. Ikaishinda artemisinini peke yake, ikaishinda kwinini peke yake, na kubwa zaidi, ikaushinda mchanganyiko wa hizo mbili nusu kwa nusu. Kabla yao, Bernard Meunier na wenzake wa Toulouse, Ufaransa, walikuwa wameanza kutengeneza jamii waliyoiita triokzakwini: daraja la oksijeni kama la artemisinini limeunganishwa na kipande cha jamii ya klorokwini.

Kwenye karatasi chotara inavutia sana. Mgonjwa hawezi kumeza nusu na kuacha nusu. Mfanyabiashara hawezi kuuza kipande kimoja bila kingine, jambo ambalo limetusumbua hadi Shirika la Afya Duniani likataka, mwaka 2006, vidonge vya artemisinini isiyo na mwenzake viondolewe sokoni. Tena vimelea vilivyojifunza kuisukuma nje klorokwini vinaweza kushindwa kuitambua molekuli ngeni na kubwa hivyo.

Mbona basi hakuna hata moja iliyofika dukani? Nilimpa mpwa wangu kalamu nikamwambia apige hesabu.

Uzito wa molekuli ya artemeta ni karibu 298, wa lumefantrini karibu 529. Gawanya miligramu 20 kwa 298 na miligramu 120 kwa 529, utaona kwamba katika kila kidonge cha ALu, kila molekuli moja ya artemeta inafuatana na zaidi ya molekuli tatu za lumefantrini. Mseto unaruhusu hivyo, kama mpishi wa makande anavyoweza kuongeza maharage. Chotara haiwezi. Ukishafunga molekuli moja kwa molekuli moja, umezifunga hivyo milele. Kama mwili unahitaji tatu kwa moja, huna pa kuongezea.

Kuna suala la ukubwa. Artemisinini ina uzito wa 282, kwinini 324. Ziunganishe, umepita 600. Wakemia wa dawa wana kanuni ya Lipinski ya mwaka 1997, kwamba molekuli ikizidi 500 mara nyingi hupita kwa shida kwenye ukuta wa utumbo. Kanuni hiyo ina mianya mingi, na lumefantrini yenyewe iko juu ya 500. Ndiyo maana ALu inataka imezwe na chakula chenye mafuta. Hapa kwetu huwa nawaambia wagonjwa: kikombe cha maziwa, au ugali na mlenda uliotiwa karanga, kisha vidonge. Anayemeza na maji matupu kwa sababu hana hamu ya kula anapunguza sana dawa inayofika damuni.

Na kuna suala la muda, ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Molekuli moja huingia pamoja na, isipokatika, hutoka pamoja. Umemfunga mpiga mbio na mlinzi wa usiku kamba moja miguuni. Ama wote watakimbia na kutoweka, ama wote watakaa. Katika mkoa wa Kagera, watafiti wamethibitisha vimelea vyenye badiliko la kinasaba liitwalo R561H, ambavyo hustahimili artemisinini kwa kulala hadi kimbunga kipite, kisha huamka. Anayevikuta vikiamka ni yule mwenzake anayekaa muda mrefu. Chotara inayotoka mwilini mapema na vipande vyake vyote viwili inavipa vimelea hivyo nyumba tupu.

Kwa malaria, basi, nachagua mseto, na sioni aibu kusema kwamba kitu kikongwe kimekishinda kipya. Ikija chotara ambayo kiungo chake kinakatika kwa wakati, kipande kimoja kikakimbia na kingine kikabaki, nitafurahi kubadili kauli.

Kwenye saratani mambo yanageuka

Watu hushangaa kusikia kwamba mmea wa malaria unahusishwa na saratani, na ujumbe wa simu ya mzee ulitumia mshangao huo. Sababu ipo, na inahusu chuma kile kile. Seli ya saratani hugawanyika bila kupumzika, na kugawanyika kunahitaji chuma, kwa hiyo hujaza ngozi yake milango ya kupokea transferini, protini inayobeba chuma damuni. Mwaka 1995 Henry Lai na Narendra Singh wa Seattle, Marekani, walionyesha kwamba seli za saratani ya damu zikishashibishwa chuma kisha zikapewa dawa ya jamii ya artemisinini, zinakufa. Hiyo ilikuwa kwenye chombo cha maabara. Mpaka leo artemisinini haijaidhinishwa kutibu saratani ya aina yoyote.

Chotara za upande huu ni nyingi mno, na moja imenigusa kwa sababu kila nyumba ya Pwani inakijua kipande chake. Kundi la Svetlana Tsogoeva huko Erlangen, Ujerumani, limeunganisha artemisinini na timokwinoni, kiini kinachopatikana kwenye habasoda. Chotara hizo zimeonyesha nguvu dhidi ya seli za saratani ya damu na dhidi ya vimelea vya malaria pia, zote zikiwa maabara. Nadhani ujumbe ule ulizaliwa na habari ya namna hii, mtu akasoma kichwa cha habari akaruka mengine. Kumeza habasoda na kunywa chai ya artemisia siku moja hakutengenezi chotara tumboni. Kiungo kile kinafungwa na mkemia kwa hatua kadhaa, ndani ya vyombo vya kioo.

Mseto nao una historia yake kwenye saratani, tena ndefu kuliko ya ALu. Vinkristini inatoka kwenye ua la Madagaska, lile lenye petali tano za waridi au nyeupe ambalo watu hupanda mbele ya nyumba bila kujua lina nini. Marekani iliiidhinisha mwaka 1963. Kwa miaka mingi watoto wa Afrika Mashariki wenye limfoma ya Burkitt, saratani ile ya uvimbe wa taya, wametibiwa kwa vinkristini, siklofosfamidi na methotreksati kwa pamoja. Kila moja inashambulia seli kwa mlango wake, na madhara yake hayafanani: vinkristini hushika mishipa ya fahamu, siklofosfamidi hushusha chembe za damu. Daktari anaweza kupunguza moja mtoto akianza kufa ganzi vidoleni, akaacha nyingine zikiendelea. Uwezo huo wa kupunguza moja ni faida ambayo chotara ya sumu mbili haina.

Hapa ningeweza kuishia na kusema mseto umeshinda tena. Lakini kuna chotara moja ambayo imefika hospitalini, na hadithi yake inaanzia kwenye vichaka vyetu.

Mwaka 1972 Morris Kupchan, mkemia wa Marekani, alitoa kiini kiitwacho maitansini kutoka kwenye kichaka cha jamii ya Maytenus kilichochumwa Ethiopia. Baadaye katika miaka hiyo ya 1970, jamii nyingine ya kichaka hicho ilivunwa Shimba Hills, Kenya, kwa ajili ya utafiti huo huo. Maitansini inaua seli kwa njia inayofanana na vinkristini, kwa kuzuia nyuzi zinazovuta kromosomu wakati seli inagawanyika, ila makali yake ni mamia ya mara zaidi. Ndiyo maana ilishindwa. Wagonjwa waliopewa katika majaribio waliumizwa na sumu kabla saratani haijaumia, na ikawekwa kando.

Iliyoiokoa ni kubebesha. Watafiti walichukua maitansini iliyorekebishwa kidogo, wakaifunga kwenye trastuzumabu, kingamwili inayotambua protini ya HER2 iliyojaa juu ya baadhi ya saratani za matiti. Kwa wastani kila kingamwili moja hubeba vipande 3.5 vya sumu. Kiungo chake hakikatiki damuni. Kingamwili inaishika seli ya saratani, seli inaimeza, inaisaga ndani, na hapo ndipo sumu inapofunguliwa. Marekani iliidhinisha dawa hiyo, trastuzumabu emtansini, mwaka 2013.

Tazama tofauti na chotara ya malaria. Ile iliunganisha wauaji wawili. Hii imeunganisha muuaji na kiongozi wa njia, na wawili hawa ni lazima wasafiri pamoja, kwani muuaji akiachwa aende peke yake ataua kila anayemkuta. Ungetengeneza mseto wa vitu hivi viwili, kidonge hiki na dripu ile, ungerudi kwenye majaribio yale yaliyoshindwa. Kwa hiyo swali ninalolitumia kuchagua ni hili: vipande hivi viwili vinahitaji kuachana, au vinahitaji kuandamana? Vikihitaji kuachana, kama artemeta na lumefantrini, mseto. Vikihitaji kuandamana, chotara. Mpwa wangu aliandika sentensi hiyo kwenye daftari, nikaona ameelewa.

Na majani je?

Jamaa wa kichaka kile, Maytenus senegalensis, huota katika nyika za Tanzania, za huku kwetu zikiwemo, na waganga huchimba mizizi yake kwa ajili ya homa. Nawaheshimu waganga. Pasipo watu waliokumbuka mimea kwa vizazi, baadhi ya dawa nilizotaja, kama artemisinini, huenda zisingepatikana. Lakini kuwa jamaa ya mmea wenye maitansini hakuufanyi mzizi kuwa dawa ya saratani, na naomba sana pasiwepo mtu wa kuusoma ukurasa huu akaenda na jembe.

Sababu ni kipimo. Vinkristini ni kidogo mno ndani ya jani, hivyo hutakiwa majani makavu ya mamia ya kilo kupata takribani gramu moja, na jani hilo hilo lina viini vingine vyenye sumu. Anayechemsha majani ya ua lile hapati tiba, anapata sumu asiyojua kiasi chake. Chai ya artemisia nayo haitabiriki: artemisinini hutofautiana kutoka shamba hadi shamba na kikombe hadi kikombe, haiyeyuki vizuri kwenye maji, na haina mlinzi wa usiku. Homa inaweza kushuka siku ya pili na kurudi wiki ya tatu, na vimelea vilivyobaki vimejifunza. Shirika la Afya Duniani haliipendekezi kwa kutibu wala kwa kukinga. Mwarobaini, ambao umejaa Dodoma mpaka kwenye viwanja vya shule, uache utupe kivuli na dawa ya kufukuza wadudu.

Nilivyowajibu

Mzee wa Bahi sikumuuzia kitu. Dodoma malaria ni kidogo ukilinganisha na Kigoma, Geita au Mtwara, kwa hiyo homa ya hapa haistahili kuitwa malaria kabla ya kupimwa. Nilimwambia aende kituo cha afya akatobolewe kidole, majibu hutoka kwa muda usiozidi nusu saa. Angekuwa na malaria ya kawaida, njia ilikuwa wazi: vidonge vinne vya ALu, vinne tena baada ya kupita muda wa saa nane, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili, jumla 24, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza. Angekuwa anachanganyikiwa au anatapika kila anachomeza, hayo si ya vidonge wala ya dukani. Ni sindano ya artesuneti hospitalini, haraka. Kipimo kikasema hana malaria; ikaonekana ni nimonia. Fikiria kama ningekuwa nayo ile chotara ya kwenye simu, na nikamuuzia.

Kwa mwenye saratani, au anayeshuku uvimbe, nasema jambo moja kwa nguvu zangu zote: usichague dawa kabla ya kinyama cha uvimbe kukatwa na kupimwa maabara. Hata emtansini ile nzuri haina maana kwa saratani isiyo na HER2, na haijulikani kama inayo mpaka maabara iseme. Anza Hospitali ya Benjamin Mkapa au ya rufaa ya mkoa, na wakikupeleka Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam, nenda. Kama unatumia miti shamba, mwambie daktari bila kuficha, kwa sababu baadhi ya mimea hubadilisha jinsi ini linavyosafisha dawa za saratani, na vinkristini ikikaa mwilini kuliko ilivyokusudiwa inalemaza.

Mpwa wangu amechagua chotara, na nimemuunga mkono. Hatatengeneza dawa katika miaka miwili ya masomo, na hilo analijua. Anachotaka kusoma ni kiungo: kinakatikia wapi, kwa muda gani, na kinaachia nini. Nilimsihi jaribio lake liwe na safu nne. Dawa ya kwanza peke yake, dawa ya pili peke yake, zote mbili zimechanganywa tu bila kufungwa, na mwisho chotara. Watafiti wengi huiruka ile ya tatu, kisha wanatangaza kwamba kuunganisha kumeleta nguvu, kumbe hata kuchanganya tu kungeleta. Watu wa Dublin hawakuiruka.

Safu hizo amekwishazichora. Ya tatu ameipigia mstari mara mbili.